Uzi maalumu: Kutafuta na kutunza rivolva za kale. Soma chuma kwanza, hadithi baadaye

Mtutu Mrefu (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Rivolva ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilikuwa Webley Mk VI, ile kubwa ya jeshi la Uingereza iliyoanza kutolewa mwaka 1915. Muuzaji alinisimulia nusu saa nzima: ofisa aliyeibeba, mahandaki ya Ufaransa, tope hadi magotini. Nikasikiliza hadi nikasahau kuifungua. Usiku nikaikunjua mezani, nikachomoa silinda (kile kipande kinachozunguka chenye matundu ya risasi) na kuiweka chini ya taa. Mwili wote ulikuwa na weusi wake wa zamani, lakini uso wa nyuma wa silinda ulikuwa mweupe, chuma kitupu, mistari ya mashine inaonekana. Namba iliyogongwa karibu na ukingo ule ilikuwa imekatwa: tarakimu zimebaki na miguu, vichwa hakuna.

Silinda ilikuwa imenyolewa. Baada ya vita Webley nyingi ziliuzwa Marekani, ambako risasi yake ya .455 (namba hizi ni upana wa risasi kwa inchi) ilikuwa ya shida na ile ya Kimarekani, .45 ACP, imejaa kila mahali. Wafanyabiashara wakazipitisha kwenye mashine, wakapunguza chuma nyuma ya silinda ili .45 ACP iingie pamoja na klipu yake ya nusu mwezi, kibanio cha chuma kinachoshika risasi pamoja. Ikaingia kweli. Tatizo ni kwamba .45 ACP ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Webley ilitengenezewa. Kwa hiyo nilibaki na silaha ambayo si ya asili tena, na hata kupigwa kwa risasi ile iliyokatiwa si salama.

Yule muuzaji hakusema uongo wowote kuhusu silinda. Mimi ndiye sikuuliza, kwa sababu masikio yalikuwa yanafanya kazi na macho yamelala. Tangu siku ile hadithi naisikiliza mwisho kabisa, baada ya kumaliza kusoma chuma.

Uzi huu ni wa anayetaka kuzitafuta rivolva za kale, kuzitambua na kuzihifadhi. Kujilinda na mambo ya shabaha yana nyuzi zake.

Sheria naitaja mapema ili tuielewe kabla ya yote. Usitoe hata senti kabla hujaijua ya mahali ulipo. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na majimbo yana masharti yake juu ya hapo. Uingereza wanatazama umri na aina ya risasi kwa pamoja, wana orodha ya risasi zilizopitwa na wakati. Machi 2021 risasi saba ziliondolewa kwenye orodha hiyo, zikiwemo .44 Russian na .41 Colt, na watu waliokuwa wamezitundika rivolva hizo ukutani kihalali kwa miaka wakalazimika kutafuta kibali, kuziuza au kuzisalimisha. Nchi nyingine nyingi hazina nafuu yoyote: rivolva ni rivolva, iwe ya mwaka 1860 au ya juzi. Kibali kwanza, pesa baadaye.

Karibuni, nitashusha kidogo kidogo.

Bisibisi

Naweka kambi hapa mkuu. Mimi sina hata moja, nina hamu tu. Mtu anaanzia wapi? Maana ukiangalia picha zote zinafanana.

Mtutu Mrefu

Bisibisi, zinafanana kwa sababu bado hujajua kilichowafanya watengenezaji wafanye walivyofanya. Ukishajua, hutachanganya tena.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani (haki ya uvumbuzi) tarehe 25 Februari 1836. Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Paterson, New Jersey, na kufikia mwaka 1842 kilikuwa kimeshakufa. Kilichomfufua ni Kapteni Samuel Walker na vita vya Mexico. Jeshi likaagiza rivolva 1,000 mwaka 1847, na Colt hakuwa na kiwanda, ikabidi zitengenezwe kwa Eli Whitney Mdogo kule Connecticut, pamoja na nyingine kama 100 za raia. Hiyo ndiyo Colt Walker. Ina uzito wa takribani kilo 2, na kila anayeishika kwa mara ya kwanza mkono unashuka. Ziko chache mno, na kwa sababu hiyo ndiyo rivolva iliyoghushiwa sana. Ukiona Walker inauzwa kwa bei ya huruma, ondoka.

Baada ya hapo ikaja Navy ya 1851, ya .36. Hii ndiyo ya kujifunzia, kwa sababu zilitengenezwa zaidi ya 200,000 kwenye kiwanda chake cha Hartford, Connecticut, na nyingine London, ambako Colt alikuwa na kiwanda kwa miaka michache kuanzia 1853. Zungusha silinda yake uitazame: kuna picha ya vita vya meli, jeshi la maji la Texas likipambana na la Mexico pale Campeche mwaka 1843. Ilichorwa na Waterman Ormsby na kubingirishwa kwenye chuma kwa rola. Mchoro wenyewe ni wa juujuu sana, kina chake hakifiki unene wa kucha. Ndiyo maana ndio unaofutika kwanza, na ndio shahidi wako wa kwanza. Ukikuta rangi nyeusi imekolea vizuri silinda nzima lakini meli hazionekani, jua kuna mtu alisugua chuma kisha akapaka rangi upya. Rangi ya kiwandani haiwezi kubaki mahali ambapo mchoro umeisha.

Sasa kuna jambo ambalo ukilielewa utaielewa miaka ya 1857 hadi 1869 yote. Rollin White alipata hataza tarehe 3 Aprili 1855 ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, mbele hadi nyuma, ambayo risasi yenye ganda la shaba inaingia kutokea nyuma. Horace Smith na Daniel Wesson wakaichukua haki hiyo, wakawa wanamlipa White senti 25 kwa kila rivolva, na kwa mkataba huohuo White ndiye aliyebeba gharama za kesi dhidi ya waigaji. Alishinda kesi, lakini gharama zake zikala sehemu kubwa ya alichopata. Kwa muda wote huo mtengenezaji mwingine yeyote Marekani alikuwa na njia mbili: aendelee na baruti, risasi ya duara na fataki (kile kikofia kidogo kinachowasha baruti), au atafute njia ya kuizunguka hataza. Kiwanda cha Moore cha Brooklyn kikatengeneza risasi yenye chuchu nyuma, unaiingiza kutokea mbele ya silinda. Plant nao wakaja na ganda lenye kitako kilichobonyea kama kikombe, nalo la kuingia mbele. Bunifu hizi za miaka ile ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ni chuma kidogo chenye akili nyingi, na kila kimoja kinakuonyesha mwanasheria amesimama nyuma ya fundi.

Hataza ikaisha Aprili 1869. Mwaka 1873 Colt wakatoa Single Action Army, rivolva yao ya risasi zenye ganda.

Kwa hiyo Bisibisi, chagua kipindi au mtengenezaji mmoja, usikusanye kila kinachong'aa. Shika nyingi kabla ya kununua moja. Nenda kwenye minada siku ya maonyesho, kabla ya siku ya kuuza, kwa sababu siku hiyo unaruhusiwa kushika bila haraka. Kwenye maandishi ya mnada pima maneno: "inasemekana ni ya fulani" maana yake hakuna karatasi, na "imerejeshwa hali" maana yake imeguswa. Usisahau pia kwamba nyumba za mnada zinaongeza kamisheni juu ya bei uliyotaja. Ukiacha minada, rivolva nzuri hutoka kwenye familia, mzee akishafariki na watoto hawajui cha kufanya. Hapo uwe mtu wa haki. Waambie thamani halisi hata kama wao hawaijui. Mimi nimerudishiwa wema huo mara tatu, kwa kutajwa kwa watu wengine.

Fundi Chuma

Mleta uzi umegusa pazuri. Mimi ni fundi wa silaha mwenye leseni, nimezifungua nyingi, naomba niongeze kuhusu kusoma rangi, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Anza na skrubu. Usiangalie kichwa cha skrubu peke yake, angalia tundu lake. Kiwandani uso ulisuguliwa ukiwa tambarare, kwa hiyo ukingo wa tundu ni mkali kama duara la sarafu. Mtu akija baadaye na gurudumu la kitambaa, kitambaa kinazama kidogo kwenye tundu na kula ukingo. Unabaki na kibonde kama sahani. Pitisha ncha ya kidole, utakisikia kabla hujakiona. Hakuna namna ya kukirudisha bila kuongeza chuma.

Kisha pembe. Mtutu wa pembe nane wa Navy unatakiwa uwe na mistari iliyonyooka kama uzi wa seremala. Ukitazama kwa mwanga wa ubavuni na mistari ikayumba, umesuguliwa.

Kisha maandishi. Herufi iliyogongwa inasukuma chuma pembeni, inaacha kijituta kidogo kuzunguka. Kikiwa bado kipo, uso haujaguswa. Herufi ikiwa imelainika upande mmoja na upande mwingine umekaa vizuri, mkono ulipita pale kuelekea upande mmoja.

Kisha silinda. Silinda iliyozunguka miaka mingi ina mstari mwembamba wa mkwaruzo ulioachwa na kizuizi chake. Ukikuta rangi imepita juu ya mstari huo na kuufunika, rangi imekuja baada ya mkwaruzo. Hilo halina mjadala.

Kwa Smith & Wesson kuna njia ya haraka: nyundo na kifyatulio kwa kawaida havikupakwa rangi ya bluu. Viligumishwa kwa moto na vina rangi za mawingumawingu, kijivu, kahawia na samawati zimechanganyika. Ukiona nyundo ya bluu iliyokolea sawa na fremu, mtu alitumbukiza vyote kwenye beseni moja. Na zile ndogo zinazokunjuka, zenye nikeli ya kiwandani, kingo ya kifyatulio (kile chuma kinachokizunguka) ni ya bluu. Ikiwa nayo ni ya nikeli, uliza maswali.

Mwanagenzi

Asanteni walimu. Nina maswali mawili. Moja, namba zisipofanana sehemu zote ndiyo feki? Pili, nimerithi rivolva ya babu, ilikuwa ndani ya sanduku la mbao imefungwa kitambaa. Ina kutu, haizunguki. Nimeshanunua msasa laini na mafuta, nataka niisafishe vizuri halafu niweke picha. Haina jina la kampuni.

Mtutu Mrefu

Mwanagenzi, weka msasa chini. Nakuomba kwa dhati. Usiguse kitu hadi tumalize kuongea. Piga picha kama ilivyo, pande zote mbili, na silinda kwa karibu, utueleze unachokiona. Na kama hujaitolea taarifa kwa mamlaka ya silaha ya hapo ulipo, hilo fanya leo. Kurithi sanduku si sawa na kurithi kibali.

Kuhusu namba, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu ni "inategemea", na wengi hawafiki kwenye "inategemea".

Colt Single Action Army ya zamani ina namba sehemu tatu unazoziona bila kufungua: chini ya fremu, kwenye kingo ya kifyatulio, na kitako cha mpini. Kwa rivolva ya raia zote tatu zinatakiwa zifanane, na maumbo ya tarakimu yafanane pia. Tarakimu "3" yenye kichwa bapa sehemu moja na ya mviringo sehemu nyingine ni alama ya hatari.

Lakini jeshi la Marekani lilinunua nyingi zikiwa na mtutu wa inchi 7.5, na miaka ya 1890 likazikusanya, likazikata mitutu kuwa inchi 5.5 na kuzifanyia ukarabati. Mafundi hawakujali fremu ipi ilikuja na mpini upi. Hizo ndizo wakusanyaji wanaziita "Artillery", na kuchanganyika namba ndiyo hali yake halisi. Nimeona mtu amekataa moja safi kabisa kwa sababu "namba hazifanani", kisha akanunua nyingine ya inchi 5.5 ambayo namba zilifanana kwa sababu mtu alizigonga upya. Alikuwa amesoma kanuni ya kwanza tu.

Nagant M1895 ni vilevile. Ni bastola ya risasi saba ambayo silinda yake inasogea mbele na kuubana mtutu ili gesi isivuje. Nyingi zilipita karakana za Kisovieti baada ya vita kuu ya pili na kupakwa rangi upya. Karakana za namna hiyo ni sehemu ya maisha ya silaha, si udanganyifu. Udanganyifu unaanza pale mtu anapoiuza kama haijawahi kuguswa.

Smith & Wesson angalia namba chini ya mpini, nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Zile za vita kuu ya pili, Victory, namba yake inatanguliwa na herufi V.

Na kuna barua. Colt na Smith & Wesson zote zina kumbukumbu za zamani, na kwa malipo wanakutumia barua inayosema rivolva yenye namba fulani ilitoka kiwandani tarehe gani, na mtutu wa urefu gani, rangi gani, ikaenda kwa nani. Barua ikisema nikeli na mkononi una bluu, umejua. Lakini barua inathibitisha namba, haithibitishi chuma. Mghushi makini anatafuta namba yenye barua nzuri kisha anaigonga kwenye fremu nyingine.

Bisibisi

Mkuu naona unazipiga hadithi kila mahali. Lakini si ndizo zinazopandisha thamani? Kuna ile iliyomuua Billy the Kid, yule jambazi wa Marekani, nilisikia imeuzwa mamilioni.

Mtutu Mrefu

Ni kweli, Colt ya Pat Garrett, sherifu aliyemuua, iliuzwa na Bonhams Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Sizipigi hadithi, Bisibisi. Nazipiga zile zisizo na karatasi. Hiyo ya Garrett ilikuwa na njia nzima iliyoandikwa, na sehemu ya njia hiyo ni kesi: mjane wake, Apolinaria, alikwenda mahakamani miaka ya 1930 kudai arudishiwe. Mahakama ikishaandika kwamba silaha fulani ilikuwa mikononi mwa fulani, umepata kitu kuliko maneno ya muuzaji mezani.

Upande mwingine kuna ile rivolva ya Kifaransa, Lefaucheux ya milimita 7, iliyookotwa shambani Auvers-sur-Oise miaka ya 1960, karibu na mahali mchoraji Van Gogh alipojipiga risasi mwaka 1890. Iliuzwa Paris Juni 2019 kwa euro 162,500. Ni kipande cha kutu, mbao za mpini hazipo. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo yenyewe. Kilichoibeba ni mahali ilipookotwa, aina ya risasi na muda uliolala ardhini, na mnunuzi alijua ananunua uwezekano. Hilo naliheshimu, kwa sababu liliwekwa wazi.

Ukiambiwa hadithi, iandike, uliza aliyeisimulia aliisikia kwa nani, iweke kwenye faili. Bei lipa ya chuma.

Fundi Chuma

Nigusie feki na nakala kwa ufupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 viwanda vya Italia, hasa Gardone Val Trompia, vimetengeneza nakala nzuri sana za Navy, Army ya 1860 na Remington. Ni kazi halali na nzuri, lakini kuna watu wanazimwagia tindikali ili zizeeke, kisha wanaziuza kama za kweli. Nakala ya Italia lazima iwe na muhuri wa ukaguzi: herufi PN, nyota, na herufi za mwaka ndani ya kisanduku. Mghushi anaitoa kwa tupa. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo chuma kimebonyea bila sababu, hasa chini ya mtutu ambako kile kijiti cha kushindilia risasi kinafunika. Na kama muuzaji anakuruhusu kutoa skrubu moja, pima nyuzi zake. Colt ya karne ya 19 haina nyuzi za milimita. Wachache sana wanakumbuka kubadilisha skrubu.

Tofautisha hizo na nakala za zamani. Liège, Ubelgiji, walitengeneza Colt nyingi sana wakati uleule, baadhi kwa kibali zikiwa na maneno "Colt Brevete". Hizo nazo sasa ni za kale na zina wakusanyaji wake.

Mwanagenzi

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, nilikwenda kutoa taarifa kama mlivyosema, nimepewa karatasi ya muda. Picha zinakataa kupanda, naeleza. Ni ndogo, inaingia kiganjani. Kifyatulio hakina kingo, kinakunjwa mbele kama kisu cha mfukoni. Kwenye silinda kuna alama ya yai, ndani yake herufi E, chini yake L G, halafu nyota. Juu ya yai hakuna kitu. Pembeni mwa silinda, nyuma, kuna vitobo vidogo sita kwenye ukingo. Vinne viko wazi, viwili vina kama misumari midogo imechomoza. Nafikiri mtu aliigongea misumari ili silinda isizunguke. Nilikuwa nataka kuing'oa kwa koleo.

Mtutu Mrefu

Mwanagenzi, usiing'oe, na usiiguse kwa koleo, nyundo, bisibisi wala kitu kingine. Hiyo si misumari.

Rivolva ya babu yako ni ya risasi za pini, mfumo uliotokana na Casimir Lefaucheux wa Ufaransa. Kila risasi ina kipini cha shaba kinachochomoza ubavuni mwa ganda. Nyundo inashuka kutoka juu, inagonga kipini, kipini kinagonga fataki iliyo ndani. Hivyo vitobo sita ni njia za vipini. Viwili vyenye "misumari" ni risasi mbili ambazo hazijapigwa. Koleo lako lingefanya kazi ya nyundo.

Baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki kama chakula. Inaweza kulala zaidi ya miaka mia na bado ikaitika.

Iweke mahali ambapo mdomo wa mtutu haumwelekei mtu wala ukuta wa chumba cha watu. Watoto mbali. Usiimwagie mafuta wewe. Rudi kwa waliokupa karatasi, waambie ina risasi mbili ndani, waulize ni fundi gani mwenye leseni anaruhusiwa kuipokea, na waulize jinsi ya kuisafirisha. Usiiweke mfukoni wala kwenye begi ukapanda nayo gari.

Fundi Chuma

Nasisitiza alichosema Mtutu. Nimewahi kupokea Remington ya fataki ambayo ilikaa juu ya meko kama pambo, wajukuu wanaichezea Jumapili. Matundu matano kati ya sita yalikuwa na baruti na risasi. Ukipokea rivolva ya kale, chukua kijiti cha mbao, pima kina cha mtutu na cha kila tundu kutokea mbele. Tundu lisilofikia kina cha wenzake lina kitu. Ya Mwanagenzi haihitaji hata kijiti, vipini vimeshasema.

Wakati tunamsubiri, niseme utunzaji. Kutu nyekundu ndiyo hai, inakula. Ile ya kahawia iliyokolea, laini kama ngozi, imetulia na inalinda, iache. Nyekundu ipake mafuta mepesi, isubiri siku kadhaa, kisha isugue taratibu kwa kipande cha shaba nyekundu, ambacho ni laini kuliko chuma na hakiachi mikwaruzo. Msasa hapana, dawa za kung'arisha hapana. Ukimaliza, nta nyembamba ya aina ya makumbusho. Na usihifadhi rivolva ndani ya ala ya ngozi hata kama ni ala yake ya asili. Ngozi ina asidi za kutengenezea na inashika unyevu, utakuta mchoro wa ala umejichora kwenye chuma. Ala iweke pembeni yake. Shika kwa glavu, jasho la kidole linaweza kuacha alama ya kutu ndani ya muda mfupi.

Bisibisi

Nimejifunza zaidi hapa kuliko kwenye miezi yangu yote ya kuangalia picha. Mwanagenzi tuletee mrejesho ndugu, roho iko juu.

Mwanagenzi

Mrejesho, wakuu. Walikuja kuichukua wao, fundi akaifungua mimi nikiwa nje ya chumba. Risasi zote mbili zilikuwa nzima. Fundi aliniambia baruti ya moja ilitoka kavu, punje punje, imemwagika kama pilipili manga. Nilikaa chini kidogo niliposikia hivyo. Nikakumbuka koleo.

Silinda sasa inazunguka. Hajaisugua, ameipaka mafuta tu na kuondoa kutu nyekundu. Mtutu umeisha ndani, hautapigwa tena, na mimi sitaki ipigwe. Utaratibu wa kibali unaendelea, kwa sasa iko kwao.

Mzee Mtutu, ile alama ya yai inasema nini?

Mtutu Mrefu

Alhamdulillahi, ndugu yangu. Hilo la kukaa chini tumelipitia wengi.

ELG ndani ya yai ni muhuri wa nyumba ya ukaguzi ya Liège. Kuanzia Julai 1893 waliweka taji juu ya yai. Yako haina taji, kwa hiyo ilikaguliwa kabla ya hapo. Ukichanganya na kifyatulio cha kukunjwa na mfumo wa pini, ningeiweka kati ya miaka ya 1860 na 1880. Kukosa jina ni kawaida: Liège kulikuwa na karakana ndogo nyingi, mmoja anatengeneza silinda, mwingine mtutu, mwingine anaunganisha. Si ya bei kubwa. Ni ya kwenu.

Fundi alipoifungua, alitoa mbao za mpini? Mara nyingi ndani yake kunakuwa na alama za aliyeunganisha.

Mwanagenzi

Alizitoa. Nimempigia sasa hivi nimuulize. Anasema upande wa ndani wa mbao ya kushoto kuna namba 7 imekwaruzwa kwa ncha kali, na chini yake herufi mbili kwa penseli, J na M. Babu hakuwa na herufi hizo. Ameniuliza kama azifute asafishe mbao.

Mtutu Mrefu

Mwambie asizifute. Azipige picha, aweke mbao palepale zilipokuwa.